Uzito wa Shashi Kavu

"Mia saba na ishirini," alisema Anarkan, na chumba kizima kikanyamaza kama darasa lililosikia viatu vya mwalimu mkuu.

Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yake. Katika chumba cha upasuaji cha hospitali ile ya mji wa Osh, daktari mmoja alikata na daktari mwingine alilaza watu usingizi, lakini aliyetangaza ni damu kiasi gani imemtoka mgonjwa alikuwa Anarkan peke yake: mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mwenye mizani ya jikoni, kalamu na ubao mweupe. Kila shashi iliyotoka tumboni mwa mtu ikiwa imelowa, aliipokea kwa koleo, akailaza kwenye mizani, akaondoa gramu ishirini za kitambaa chenyewe, na kilichobaki kilikuwa damu. Gramu moja, mililita moja. Halafu alijumlisha na damu iliyokuwa kwenye chupa ya mashine ya kunyonya, akitoa maji ya chumvi waliyosuuzia. Miaka kumi na minane alikuwa amefanya hivyo, na hakuwahi kukosea zaidi ya kijiko kimoja. Aliyekuwa akisema hivyo ni yeye mwenyewe, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa akipima, hakuna aliyeweza kumbishia.

"Mia saba na ishirini?" Daktari Mamasaly aliuliza bila kuinua kichwa. Mikono yake ilikuwa imezama tumboni mwa mgonjwa hadi kwenye vifundo. "Ni ya huyu peke yake, au umejumlisha na ya jana?"

"Ya huyu, agai," Anarkan alijibu kwa adabu ya kumwita mkubwa, lakini kidevu kikiwa juu.

"Mimi naona vikombe viwili."

"Kwa yule mama wa Nookat pia uliona vikombe viwili, agai. Tukamfufua mara mbili."

Kule kichwani mwa mgonjwa, Daktari Uulkan alicheka puani. Huyu ndiye aliyekuwa daktari wa usingizi, mwanamke wa miaka hamsini na minane ambaye hakuna mtu hospitalini aliyewahi kumwona akikimbia. Alijua jambo moja kuhusu madaktari wa upasuaji wote chini ya jua: damu waliyoimwaga wenyewe huiona ni kidogo.

"Mizani haijui kwamba wewe ni bingwa, mdogo wangu," alimwambia Mamasaly. "Endelea kukata."

Aliyelala mezani aliitwa Chynaraly, mwalimu wa jiografia kutoka kijiji kimoja cha bonde la Alay, mwenye miaka thelathini na minne. Ndani ya ini lake, upande wa kulia, tegu wa mbwa alikuwa amejijengea makazi makubwa kama ngumi mbili bila kuomba ruhusa ya mtu. Asubuhi, walipokuwa wakimsukuma kwenye kitanda cha magurudumu, Chynaraly alimwambia Anarkan, kwa heshima ya kumwita dada mkubwa, "Eje, mkimkuta mbwa mwenyewe humo ndani, mrudisheni kwao." Alicheka peke yake. Mkono wake mmoja ulikuwa umeng'ang'ania ukingo wa kitanda, na Anarkan, ambaye hakuzoea kumshika mgonjwa mkono, aliushika.

Vidonge alikuwa amemeza miaka miwili. Vilimgeuza manjano na tegu akazidi kunenepa. Mamasaly aliwaeleza ndugu zake bila kuzunguka: ni leo au basi. Tumbo likifunguliwa na kufungwa bila kazi kwisha, huota makovu ndani, na safari ya pili kisu hakipati njia.

Lakini leo yenyewe ilikuwa na sheria yake, na sheria hiyo ilikuwa ya Uulkan. Kundi la damu la Chynaraly ni adimu. Osh nzima zilipatikana chupa mbili. Kwa hiyo: damu ikifika elfu moja na mia mbili, Uulkan anaanza kumjaza. Ikifika elfu moja na mia tano, Mamasaly anabana vitambaa, anashona, wanatoka. Hakuna mjadala, hakuna "dakika moja tu, eje."

Ndiyo maana kila Anarkan alipofungua mdomo, wote walinyamaza.

Kazi ilikwenda kwa saa ya ukutani. Mamasaly alikuwa amezungusha utepe kwenye shina la ini, pale mishipa inapoingilia. Akiukaza, damu haipiti. Dakika kumi na tano za kukaza, tano za kulegeza ili ini lisife. Upande wake, Uulkan alimweka mgonjwa mkavu kwa makusudi, dripu ikidondoka kwa ubahili. Alikuwa na bomba jembamba la maji lililofungwa kwenye rula, lililounganishwa na mshipa wa shingoni. Maji yakisimama kwenye nne, mishipa ya ini imelala na kisu kinapita kwa amani. Yakipanda hadi kumi, ini huvimba kama boorsok, vile viandazi vidogo, kwenye mafuta ya moto, na kila penye mkato huanza kulia.

Yalikuwa kwenye nne.

"Shashi," alisema Mamasaly. Akapewa. Ikarudi nyekundu.

"Mia nane na tisini," alisema Anarkan.

"Shashi."

"Elfu moja na sitini."

"Haiwezekani," alisema Mamasaly.

"Agai, nasoma kilichoandikwa kwenye mizani. Sitoi kichwani."

Dakika kumi baadaye akasema, "Elfu moja na mia mbili."

Uulkan hakusogea mara moja. Aliangalia mapigo ya moyo: sabini na nane, kama mtu aliyelala kwake baada ya chakula. Aliangalia presha, akaikuta nzuri. Akakunja uso. Lakini alikuwa amewaona vijana wenye nguvu wakificha upungufu wa damu saa nzima, halafu wakaporomoka mara moja kama ukuta wa tope. Na namba ilikuwa ya Anarkan.

"Najaza," alisema. Akafungua dripu mbili kwa pamoja na kutundika chupa ya kwanza ya damu.

Maji kwenye rula yakapanda. Tano. Sita na nusu. Tisa.

"Eje!" Mamasaly aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. "Umemfanya nini? Ini linatoa machozi kila mahali!"

"Nimefuata namba."

"Namba inavuja kuliko mgonjwa!"

"Basi mwambie yeye," alisema Uulkan, akimwonyesha Anarkan kwa nyusi. "Mimi mtoto wa watu sitamwacha akauke mezani kwa sababu wewe una macho ya matumaini."

Shashi zikawa zinatoka haraka. Anarkan alipokea, akapima, akatoa ishirini, akaandika. Jasho jembamba lilimshuka nyuma ya masikio. Elfu moja na mia tatu na tisini. Zimebaki mia moja na kumi tu, yaani shashi tatu au nne, na mwalimu wa jiografia arudishwe Alay na tegu wake.

Ya ishirini na nne ilipokuja, Anarkan alikuwa na mkono tayari kuandika kabla hata haijatua kwenye mizani. Ilikuwa na doa moja tu, dogo kama sarafu. Mizani ikasema hamsini na mbili.

Akaondoa ishirini, kama kawaida. Thelathini na mbili.

Akaiangalia ile shashi. Akaangalia namba. Mililita thelathini na mbili za damu ni vijiko viwili vikubwa vya supu, na pale hapakuwa na damu ya kujaza hata kijiko cha chai. Hata hivyo mkono wake, uliozoea, ulikuwa umeshaandika: 1410, kwa kuwa kumi na mbili zilizokuwa ziada aliziacha, eti awe na huruma. Ndipo alipojiona akifanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu aajiriwe: kuipunguzia mizani maneno.

Alifungua debe la shashi safi, akachukua moja kavu kwa koleo, nyeupe kama theluji, akailaza kwenye mizani.

Arobaini na tano.

Akaitoa. Akarudisha mizani kwenye sifuri. Akaiweka tena.

Arobaini na tano, wala mizani haikuona haya.

Kwa desturi, ndugu wa mgonjwa hupewa orodha ya vitu vya kununua duka la dawa ng'ambo ya barabara, na shashi huwa humo. Kuzikata na kuzikunja ni kazi ya wauguzi. Lakini wiki ile wauguzi wawili walikuwa likizo ya uzazi, na Anarkan alimpa mama yake Chynaraly sampuli moja na kumwambia, "Kama hii, mama. Hamsini." Yule mama aliigeuzageuza ile sampuli ya tabaka nne, akaishika mbele ya dirisha, akauliza, "Hii si ya kuchujia maziwa?" Halafu akakaa kwenye benchi la ukumbini siku mbili na binti zake wanne, wanawake wa Alay ambao mkeka wa sufu wa mahari huutia mishono elfu na bado huuita wa haraka. Waliona aibu kumpeleka ndugu yao mbele ya madaktari na vitambaa vyembamba. Sasa Anarkan alivuta pindo la ile shashi kavu na kuhesabu: tabaka nane, zimepigwa mishono ya msalaba katikati ili zisitanuke, na ukingoni uzi mara mbili. Kazi safi sana. Ilistahili kuwekwa kwenye maonyesho.

Zilitiwa mvuke ndani ya madebe, zikafungwa, na hakuna aliyezitazama. Asubuhi, kabla ya kila operesheni, muuguzi wa mizani anatakiwa apime shashi moja kavu. Anarkan hakupima. Mtu anayejua ana vidole vitano hahesabu kila siku akiamka.

Gramu ishirini na tano za ziada, mara ishirini na nne. Alifanya hesabu mara mbili ingawa ya kwanza ilikuwa wazi. Mia sita.

Mtu huyu hakuwa amepoteza elfu moja na mia nne. Alikuwa amepoteza mia nane. Dripu zile hazikuhitajika, damu ile adimu haikuhitajika, na sasa ini limevimba na kuanza kuvuja kwelikweli kwa sababu yeye, Anarkan, alikuwa amelitangazia kuvuja lilipokuwa kavu.

Na hapo, kwa sekunde chache ambazo baadaye hakupenda kuzikumbuka, akatafuta njia ya kupita kimyakimya. Angeweza kutoa arobaini na tano kuanzia shashi inayofuata na kuacha namba itambae polepole. Hakuna angejua. Kufuta mia sita ubaoni ni kuwaambia watu kwamba damu imetoka kwenye ndoo ikarudi mwilini yenyewe. Na Mamasaly alikuwa mtu wa kurusha vitu. Mwaka jana alirusha koleo likatoboa pazia.

"Anarkan," aliita Uulkan. "Tuko wapi?"

"Elfu moja..." alianza, akaishia hapo.

"Elfu moja na ngapi?"

"Yuko kwenye mia nne na kitu, naona ubao kutoka hapa," alisema Mamasaly, na sauti yake haikuwa na ukali tena, ilikuwa imechoka. Alinyoosha mgongo. "Basi. Nipeni vitambaa vikubwa vya kubana. Tunafunga."

Muuguzi wa vyombo akageukia meza yake.

"Usimpe!" alisema Anarkan.

Vichwa vyote vikageuka.

"Agai, namba ni ya uongo. Shashi hizi si zetu. Zimekunjwa mara mbili, kavu ni arobaini na tano, mimi nimetoa ishirini. Tangu asubuhi nimetoa ishirini." Akainua ile shashi kavu kwa koleo. "Amepoteza mia nane na ishirini na mbili, si zaidi. Sikupima kavu. Ni kosa langu."

Mamasaly alimtazama juu ya barakoa, na Anarkan akajitayarisha kukwepa koleo.

"Wangapi?" aliuliza Mamasaly taratibu.

"Nini, agai?"

"Wangapi nimewafunga kwa namba zako?"

Swali hilo lilimwingia vibaya kuliko koleo lolote. "Za wengine wote tulikunja wenyewe, agai. Naapa. Ni huyu tu."

"Mtagombana kwenye chai," alisema Uulkan. Alikuwa ameshatoa tone la damu na kulitia kwenye kimashine chake cha kupima wingi wa damu. Akangoja, midomo imebana. "Kumi na moja. Angepoteza hiyo elfu moja na mia nne, na maji haya niliyommiminia, asingekuwa na kumi na moja. Yuko sahihi. Yaani amekosea, halafu sasa yuko sahihi." Akafunga dripu zote mbili na kuibana chupa ya damu iliyokuwa imefika nusu. Akakanyaga pedali, kitanda kikainuka upande wa kichwa, na akachoma dawa ya kukojoa. "Mamasaly, shika ini lako utulie. Usikate mpaka niseme."

Mamasaly akaliweka ini kati ya viganja viwili na kulikandamiza polepole, kama mtu anayemzuia mtoto asiamke. Walingoja, wote wakiangalia maji kwenye rula.

Tisa.

Nane na nusu.

Anarkan alifuta ubao. Sauti ya kitambaa kwenye ubao ilikuwa kubwa mno. Akaandika 822, na mkono wake ukaandika vibaya kama wa mtoto wa darasa la kwanza.

Nane. Saba.

"Linalia bado," alisema Mamasaly.

"Ngoja."

Sita. Tano na nusu.

"Sasa," alisema Uulkan.

Mamasaly akakaza utepe. Dakika kumi na tano zikaanza. Shashi zilirudi, na Anarkan akazitaja moja moja: mia nane na arobaini, mia tisa, mia tisa na ishirini. Tegu alikuwa ameegemea mshipa mkubwa unaotoka kwenye ini kwenda moyoni, na Mamasaly alimbandua pale kwa ncha ya mkasi, akipumua kwa mdomo.

Dakika ya tano, mshipa ukapasuka.

Haukutoa kelele. Shimo la tumbo lilijaa tu, likawa jeusi na kung'aa, na mashine ya kunyonya ikabadili mlio. Mamasaly akachomeka kidole ndani ya damu bila kuona, akapapasa, akasimama hapo hapo.

"Nimelishika tundu," alisema. "Nimelishika. Asiniguse mtu."

Anarkan alikuwa ameshainamia chupa ya mashine. Damu na maji ya kusuuzia vilikuwa vimechanganyika na povu juu. Alipiga magoti, akasoma mstari usawa wa jicho, akatoa maji, akapima shashi sita, akatoa arobaini na tano mara sita.

"Elfu moja na mia mbili na sitini. Safari hii ni kweli."

Ilikuwa namba ile ile iliyokuwa imewadanganya nusu saa iliyopita, karibu sawa kabisa. Mapigo ya moyo sasa yalikuwa mia na kumi na mbili.

"Eje," alisema Mamasaly, kidole bado kwenye tundu. "Nikishona hapa, zimebaki dakika nane nimtoe. Nikifunga, namwachia kipande kwenye mshipa, na kitaota tena. Niambie."

Uulkan hakumtazama yeye. Alimtazama Anarkan, kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Unaniambia elfu moja mia mbili na sitini."

"Ndiyo, eje."

"Ukiwa umekosea tena, huyu anafia hapa mbele yako."

"Najua, eje." Hakuibadilisha namba.

Uulkan akafungua ile nusu chupa ya damu na kutundika ya pili kando yake. "Dakika nane," alimwambia Mamasaly. "Ya tisa nakuvuta kwa masikio."

Mamasaly akashona. Uzi mwembamba kama unywele ulipita mara moja, mbili, tano, na kidole kikatoka. Tundu likakaa. Mkasi ukarudi kazini. Uulkan alihesabu dakika kwa sauti kama msimamizi wa mtihani asiye na huruma, na kwenye ya saba kipande kikatoka, kizito, kijivu, chenye mashimo kama jibini iliyoharibika. Kilitua kwenye beseni na hakuna aliyetaka kukitazama.

Utepe ukalegezwa. Damu ikarudi kwenye ini, na hapo ndipo inapojulikana. Mamasaly alifunika mkato wote kwa shashi moja safi, nene, ya tabaka nane, na wote wakangoja waone itaota nini. Dakika moja. Doa jekundu likatokea pembeni, likakua kama dengu, likakua kama mbaazi. Akaweka mshono mmoja. Shashi nyingine. Dakika mbili. Tatu. Maji kwenye rula yalisimama kwenye nne, chupa ya pili ilikuwa imebaki robo, na mapigo yakawa yanashuka: mia na nne, tisini na tisa.

Shashi ilibaki nyeupe.

"Namba," alisema Mamasaly. Sindano ya kufungia tumbo ilikuwa mkononi mwake.

"Elfu moja mia tatu na arobaini."

"Una hakika?"

Jana angejibu kabla swali halijaisha. Anarkan aliangalia ubao, akaangalia rundo la shashi zilizolowa.

"Hapana, agai. Ngoja nipime tena."

Na daktari bingwa, na daktari wa usingizi asiyekimbia, na muuguzi wa vyombo, wote wakasimama kimya, sindano ikiwa hewani, huku Anarkan akirudisha mizani kwenye sifuri, akilaza shashi moja kavu, akisoma, akiitoa, na kuanza upya kutoka ya kwanza.

"Elfu moja mia tatu na thelathini na tano," alisema mwishoni. "Funga, agai."